Tom Tyler

Tom Tyler (jina la kuzaliwa: Vincent Markowski, Port Henry, New York, 9 Agosti 1903 – Hamtramck, Michigan, Mei 1954) alikuwa mwigizaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Alianza kujulikana wakati wa filamu bubu kwa kuigiza kama kauboi, lakini siku hizi anakumbukwa zaidi kwa filamu mbili za mfululizo: Adventures of Captain Marvel ya mwaka 1941 na The Phantom ya mwaka 1943. Katika hiyo ya pili alikuwa shujaa wa msituni anayeficha uso wake kwa kinyago.

Tyler alisifika kwa nguvu za mwili. Nguvu hizo ndizo zilizompatia kazi, na ndizo alizonyang'anywa na maradhi kabla hajazeeka.

Maisha ya awali

Tyler alizaliwa katika mji mdogo wa Port Henry, kando ya Ziwa Champlain, uliotegemea migodi ya chuma. Wazazi wake walikuwa na asili ya Lithuania, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa migodini. Vincent alipokuwa bado mwanafunzi, familia ilihamia Hamtramck, mji uliozungukwa karibu pande zote na jiji la Detroit. Viwanda vya magari vilikuwa vikikua haraka huko, na wahamiaji wengi kutoka Ulaya ya Mashariki walikwenda kutafuta ajira.

Baada ya shule kijana huyo aliondoka nyumbani na kuelekea magharibi. Kabla ya kuwa mwigizaji alifanya kazi mbalimbali za kutumia nguvu: alikuwa baharia, mchimba makaa ya mawe, mkata magogo na bondia. Alikuwa na kimo cha zaidi ya futi sita, mabega mapana na sura iliyopendeza kwenye picha. Mnamo 1924 alifika Hollywood, akaanza kwa kubeba vifaa vya kupigia filamu na kuonekana katika makundi ya watu wasiotajwa majina. Miongoni mwa filamu alizopitia kwa namna hiyo ni Ben-Hur ya mwaka 1925.

Alipenda pia mchezo wa kunyanyua vyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alihesabiwa kati ya wanyanyuaji hodari wa Marekani katika mashindano ya wasiolipwa.

Kauboi wa filamu bubu

Mwaka 1925 kampuni ya Film Booking Offices of America, iliyojulikana kwa kifupi kama FBO, ilimpa mkataba wa kuongoza filamu zake za kauboi. Ndipo alipopewa jina la Tom Tyler, lililokuwa fupi na rahisi kuandikwa katika matangazo ya kumbi za sinema. Filamu yake ya kwanza kama mhusika mkuu ilikuwa Let's Go, Gallagher ya mwaka huohuo. Katika nyingi za filamu zilizofuata aliandamana na mtoto Frankie Darro, ambaye baadaye naye alikuwa mwigizaji mashuhuri.

Mwanzoni mwa 1926 kampuni hiyo ilichukuliwa na mfanyabiashara Joseph P. Kennedy, baba wa rais wa baadaye wa Marekani, John F. Kennedy. Filamu za FBO zilitengenezwa haraka na kwa gharama ndogo, zikalenga watazamaji wa miji midogo na mashambani. Tyler akawa mmoja wa makauboi waliojulikana sana katika kumbi hizo.

Mwishoni mwa muongo huo filamu za sauti zilianza kuondoa zile bubu, na waigizaji wengi walipoteza kazi. Tyler alivuka kipindi hicho, ila hakupanda juu. Sauti yake ilikuwa nzito na mazungumzo yake ya taratibu, kwa hiyo aliendelea kupata kazi kwenye kampuni ndogo na katika filamu za mfululizo.

Filamu za mfululizo

Filamu ya mfululizo ilikuwa hadithi moja iliyogawanywa katika sehemu 10 hadi 15. Kila sehemu ilikuwa ya dakika 20 hivi, ingawa ya kwanza kwa kawaida ilikuwa ndefu zaidi. Ukumbi wa sinema ulionyesha sehemu moja kila wiki, mara nyingi siku ya Jumamosi watoto walipokuwa hawaendi shule. Mwisho wa sehemu ulikuwa wa hatari: gari limetumbukia korongoni, au nyumba imelipuka na shujaa yumo ndani. Watazamaji waliachwa roho juu kwa siku saba. Wiki iliyofuata walionyeshwa kile walichofichwa, kwamba shujaa alikuwa ameruka kabla gari halijaanguka. Kwa njia hiyo watoto walirudi na senti zao wiki baada ya wiki.

Mnamo 1931 Tyler aliigiza katika The Phantom of the West, mfululizo wa sehemu 10 wa kampuni ya Mascot. Baada yake zilifuata nne za kampuni ya Universal: Battling with Buffalo Bill (1931), Jungle Mystery (1932), Clancy of the Mounted (1933) na Phantom of the Air (1933).

Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 alirudi kwenye filamu za kauboi za bei rahisi. Mwaka 1937 alimwoa mwigizaji Jeanne Martel, aliyewahi kuigiza pamoja naye, lakini ndoa hiyo haikudumu.

Mwaka 1939 mwongozaji John Ford alimpa nafasi ndogo yenye uzito katika Stagecoach. Tyler aliigiza kama Luke Plummer, mwovu ambaye shujaa wa John Wayne anamtafuta ili kulipiza kisasi. Mwaka uliofuata alikuwa Kharis, maiti ya kale ya Misri inayofufuliwa, katika The Mummy's Hand ya Universal. Kharis hasemi neno lolote. Hutembea akikokota mguu huku mkono mmoja ukiwa umekunjika kifuani.

Adventures of Captain Marvel

Captain Marvel alikuwa shujaa wa vitabu vya katuni vya kampuni ya Fawcett. Kijana Billy Batson, mtangazaji wa redio, hutamka neno moja la siri na kugeuka mtu mzima mwenye nguvu zisizo za kawaida. Kampuni ya Republic ilikuwa imetaka kutengeneza filamu ya Superman, mazungumzo yakashindikana, ikamchukua shujaa huyu badala yake. Mfululizo huo wa sehemu 12 uliongozwa na William Witney na John English, na ulianza kuonyeshwa mwezi Machi 1941. Ulikuwa filamu ya kwanza ya kuigizwa na watu kuhusu shujaa wa vitabu vya katuni mwenye nguvu za ajabu.

Frank Coghlan Jr. alikuwa Billy, na Tyler akawa Captain Marvel mwenyewe. Adui wao ni mtu aliyefunikwa uso aitwaye Scorpion, ambaye watazamaji hawamjui mpaka sehemu ya mwisho.

Kazi ya kumrusha shujaa angani ilifanywa kwa ushirikiano. Ndugu Howard na Theodore Lydecker walitengeneza sanamu kubwa kidogo kuliko mtu, wakaivalisha mavazi ya Captain Marvel na kuitelezesha juu ya waya zilizofungwa kwa mteremko. David Sharpe, mtaalamu wa michezo ya hatari, aliruka kutoka sehemu za juu na kupindua maadui. Kisha kamera ilimrudia Tyler akiwa amesimama, na mtazamaji akaamini kuwa wote watatu ni mtu mmoja. Tyler hakuonyesha shujaa mchangamfu kama wa kwenye katuni. Wake ni mkali asiye na mzaha, na katika sehemu ya kwanza anawafyatulia risasi za bunduki ya rashasha washambuliaji wanaokimbia.

Wachapishaji wa Superman walifungua kesi mwaka huohuo wakidai kuwa Captain Marvel ameigwa kutoka kwa shujaa wao. Kampuni ya Republic nayo iliingizwa katika kesi hiyo kwa sababu ya filamu. Shauri liliendelea kwa miaka mingi, hadi Fawcett ilipokubali mwaka 1953 kuacha kumchapisha Captain Marvel.

The Phantom

Kati ya 1941 na 1943 Tyler aliigiza kama Stony Brooke katika filamu 13 za kundi la makauboi watatu la The Three Mesquiteers, akiwa pamoja na Bob Steele. Baada ya hapo kampuni ya Columbia ilimchagua kuwa The Phantom, shujaa wa katuni za magazetini aliyebuniwa na Lee Falk mwaka 1936.

Mfululizo huo wa sehemu 15 uliongozwa na B. Reeves Eason na kutolewa mwezi Desemba 1943. Phantom huvaa vazi la kubana mwili na kinyago cha kufunika macho. Watu wa msituni humwamini kuwa hafi. Ukweli ni kwamba baba akifa, mwanawe huvaa vazi lilelile na kuendeleza kazi, na siri hiyo hujulikana kwa wachache tu. Katika filamu, Phantom mzee anauawa na mwanawe Godfrey Prescott anarithi kinyago. Anapambana na Dk. Bremmer, anayetafuta mji uliopotea wa Zoloz, pamoja na funguo saba za pembe za ndovu zinazohitajika kuupata. Jeanne Bates aliigiza kama Diana Palmer, mchumba wake.

Msitu huo ni wa kubuni, na picha zilipigwa California. Kama filamu nyingi za aina yake wakati huo, inawaonyesha wenyeji kama watu wepesi wa kuamini wanaohitaji kuongozwa na mgeni, na kasoro hiyo huonekana wazi kwa mtazamaji wa leo. Hata hivyo Tyler alisifiwa kwa jinsi alivyofanana na michoro ya katuni yenyewe.

Ugonjwa na kifo

Mnamo miaka ya 1940 Tyler alishikwa na baridi yabisi kali. Viungo vilikakamaa, naye hakuweza tena kupanda farasi wala kupigana kama zamani. Nafasi za shujaa mkuu zikaisha. Aliendelea kufanya kazi kwa kuchukua sehemu ndogo, zikiwemo katika Red River (1948), I Shot Jesse James (1949) ambamo alikuwa Frank James, na She Wore a Yellow Ribbon (1949) ya John Ford. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionekana pia katika vipindi vya kauboi vya televisheni.

Hatimaye alirudi Hamtramck, mji aliouacha akiwa kijana, akatunzwa na dada yake. Pamoja na maradhi ya moyo alikuwa na skleroderma, ugonjwa unaokaza ngozi na viungo vya ndani. Alifariki mwezi Mei 1954 akiwa na miaka 50, na alizikwa Detroit.

Kumbukumbu

Wapenzi wa filamu za mfululizo huitaja Adventures of Captain Marvel kati ya zilizo bora kuliko zote za aina hiyo.

Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya kifo cha Tyler, Columbia ilitoa The Adventures of Captain Africa, mojawapo ya filamu za mwisho za mfululizo nchini Marekani. Ilipangwa iwe mwendelezo wa The Phantom, lakini suala la haki za jina likalazimisha shujaa abadilishwe jina na mavazi. Mwigizaji mkuu alikuwa John Hart. Ili kuokoa gharama, vipande vingi vya filamu ya 1943 vilitumiwa tena. Kwa hiyo kumbi za sinema ziliendelea kumwonyesha Tyler akiwa amefunika uso, kwa jina la shujaa mwingine.

Baadhi ya filamu zake

Let's Go, Gallagher (1925)
The Phantom of the West (1931)
Stagecoach (1939)
The Mummy's Hand (1940)
Adventures of Captain Marvel (1941)
The Phantom (1943)
I Shot Jesse James (1949)
She Wore a Yellow Ribbon (1949)