William Jones na Maandalizi ya Makasisi wa Isiolo

Mazungumzo kuhusu kuwaandaa makasisi wa Kiprotestanti watakaohudumu Isiolo aghalabu huanzia kwenye vyeti na kuishia huko huko. Elimu si jambo la kubezwa. Hata hivyo, historia ya kanisa nchini inatupa mfano wa mtu ambaye maandalizi yake yalipita mipaka ya darasa, na ambaye kanisa lilichelewa mno kumtambua. Mtu huyo ni William Jones wa Rabai.

Jones alikuwa Myao. Alitekwa utotoni na kutiwa utumwani, akaokolewa baharini na Waingereza, kisha akapelekwa India. Huko alilelewa Sharanpur, karibu na Nasik, katika kituo cha shirika la Church Missionary Society, akafundishwa dini, kusoma na kazi ya uhunzi. Mwaka 1864 aliletwa Rabai pamoja na wenzake, akiwemo Ishmael Semler, ili kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann.

Kwa muda wa miaka ipatayo 20 alifanya kazi ya kanisa bila ya daraja takatifu. Ilikuwa tarehe 31 Mei 1885 ndipo Askofu James Hannington alipowafanya Jones na Semler kuwa mashemasi huko Frere Town, Mombasa.

Mtihani ulikuja upesi. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Buganda. Hannington alitangulia na watu wapatao 50, akamwachia Jones msafara uliobaki. Askofu aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Ni huyo shemasi mpya aliyewarejesha pwani wapagazi waliofiwa na kiongozi wao.

Mtihani wa pili ulimkuta nyumbani. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wamekimbilia Rabai na kuishi chini ya uangalizi wake. Wenye watumwa walipotishia mwaka 1888, ilibidi Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iwalipe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu elfu moja wakapewa hati za uhuru. Jones alikuwa amewapokea kwa sababu alijua utumwa ni nini. Somo hilo hakulipata katika chuo chochote.

Vyuo vilifuata baadaye. Shule ya theolojia iliyoanzia Frere Town ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, ikakua ikawa chuo cha makanisa kadhaa, na mwaka 2007 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha St Paul's. Hayo ni maendeleo ya kujivunia.

Lakini Isiolo ina haja zake. Hapa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanakutana sokoni na kisimani, na Waislamu ni wengi. Kasisi wa hapa huitwa kuwafariji waliofiwa na kupatanisha waliogombania malisho. Akiwa amefunzwa kwa Kiingereza pekee, atawezaje kusikia kilio kinachotamkwa kwa Kiborana au Kiturkana? Mtu hutubu, huomboleza na husamehe kwa lugha aliyolelewa nayo. Mwanaisimu hahitaji kuwa mwanatheolojia ili aone hilo.

Kwa hiyo makanisa yangefanya vyema kuchukua hatua mbili. Kwanza, lugha za kaskazini ziwe somo la lazima kwa kila atakayetumwa huku, sambamba na maarifa ya Uislamu na desturi za wafugaji. Pili, wainjilisti wanaotembea maboma kwa maboma wapewe njia ya kuifikia daraja ya ukasisi inayothamini ujuzi wao, badala ya kuachwa wazeeke wakiitwa wasaidizi.

Jones alisubiri miaka 20 na zaidi kwa kuwa waliokuwa na mamlaka walikuwa wageni. Leo mamlaka ya makanisa yetu yamo mikononi mwa wenyeji. Kisingizio hicho hakipo tena.