John Bunyan, Mfua Shaba wa Bedford

Wapendwa washarika, wengi wetu twakijua kitabu cha safari ya Msafiri, yule aliyetoka katika Mji wa Uharibifu, mzigo mgongoni, akaushika mwendo mpaka Mji wa Mbinguni. Kitabu hicho kimefasiriwa katika lugha zaidi ya 200, na Kiswahili chetu kimo. Lakini mwenye kukiandika si wengi wamjuao. Hakuwa mwanachuoni, wala mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa fundi wa mji mdogo, na katika ujana wake askari. Basi twapenda kuwasimulia maisha yake.

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfua shaba, akitengeneza vyombo vya jikoni na kuziba vilivyotoboka. Mwana alipelekwa shuleni akajua kusoma na kuandika, kisha akaishika kazi ya babaye. Kazi ile haikuwa na heshima kwa watu. Fundi wa namna hii alizunguka vijijini na fuawe yake, akiuliza mlango kwa mlango kama iko sufuria ya kutiwa lehemu.

Mwaka 1644 msiba ulimpata. Mama yake alikufa, na baada ya mwezi mmoja dada yake naye. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia katika jeshi la Bunge lililokuwa likipigana na Mfalme Charles wa Kwanza, akawekwa katika ngome ya Newport Pagnell. Siku moja alichaguliwa kwenda pamoja na wengine kuuhusuru mji. Alipokuwa tayari kuondoka, mwenziwe akaomba kwenda mahali pake. Yule mwenziwe, akisimama zamu, alipigwa risasi ya kichwa akafa. Bunyan hakulisahau jambo hilo siku zote za maisha yake, ingawa wakati ule halikumgeuza moyo.

Vita vilipokwisha alirudi kwenye kazi yake, akaoa. Yeye na mkewe walikuwa maskini hata hawakuwa na sahani wala kijiko. Mke alileta vitabu viwili tu vya dini alivyoachiwa na babaye. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alizaliwa kipofu.

Siku moja, alipokuwa mjini Bedford kwa kazi yake, Bunyan aliwakuta wanawake maskini wameketi mlangoni juani, wakizungumza jinsi Mungu alivyowazaa mara ya pili. Akasogea asikilize, akaona kwamba hajui lolote katika waliyoyasema. Wanawake wale ndio waliomwongoza kwa mchungaji wao, John Gifford, ambaye vitani alikuwa mkubwa wa askari upande wa Mfalme. Basi waliokuwa adui sasa waliketi pamoja kama baba na mwana.

Hata hivyo hofu ya dhambi ilimsumbua miaka mingi. Ndipo alipopata kitabu kikuukuu, kilichochakaa karibu kuanguka vipande, nacho ni maelezo ya Dr. Martin Luther juu ya Waraka kwa Wagalatia. Alipokisoma aliona kana kwamba kimeandikwa kutoka moyoni mwake mwenyewe, akakipenda kupita vitabu vyote, isipokuwa Biblia. Katika mambo ya ubatizo na taratibu za kanisa hakuwa mmoja wetu. Lakini kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani tu, alilishika kwa mikono miwili.

Akaanza kuhubiri, na watu wakamiminika kumsikiliza. Mwaka 1660, ufalme uliporudishwa, alikamatwa kwa sheria ya kale iliyokataza mikutano ya ibada nje ya kanisa la serikali. Mkewe wa kwanza alikuwa amekwisha kufa. Mke wa pili, Elizabeth, alipata uchungu kabla ya wakati kwa mshtuko wa habari ile, na mtoto akafa. Mwaka 1661 alisimama mbele ya majaji mjini Bedford kumwombea mumewe, akiwaeleza juu ya watoto wanne aliobaki nao, ambao hakuwazaa yeye, na mmoja kipofu. Jaji Hale alimhurumia. Mwenziwe Twisden alimkaripia. Hakufunguliwa.

Tulifikiri neno hili, wapendwa. Kama angaliahidi kutohubiri tena, angalifunguliwa. Kuachana na jamaa yake kulimwuma kama kubanduliwa nyama mifupani, hasa kwa ajili ya yule kipofu. Lakini hakuahidi. Alikaa kifungoni miaka 12, akifanya kazi ya kutia ncha za chuma katika kamba za viatu, mamia kwa mamia, apate kuwalisha wanawe. Humo aliandika vitabu. Yule Mary alikufa kabla baba yake hajatoka.

Alifunguliwa mwaka 1672, akawa mchungaji wa kanisa lile la Bedford. Kitabu cha Msafiri kilipigwa chapa mwaka 1678. Mwaka 1688 alisafiri kwa farasi kupatanisha baba na mwana waliogombana. Akafaulu, lakini njiani kwenda London alinyeshewa na mvua kubwa, akashikwa na homa, akafariki tarehe 31 Agosti.

Enyi mafundi wa sharika zetu, mshonao viatu na kuziba sufuria, msiseme kwamba Neno ni kazi ya waliosoma sana. Na ninyi wenye kitabu kizuri kilichochakaa nyumbani, msikitupe. Mpeni jirani, labda yuko anayekingojea.