Tom Mboya na kuzaliwa kwa Gor Mahia: Timu mbili zilipolazimika kuchagua

Risasi zilipomwangusha Thomas Joseph Mboya katika barabara ya Government, jijini Nairobi, mnamo Julai 5, 1969, klabu ya Gor Mahia ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja na nusu tangu kuundwa. Tayari ilikuwa imenyakua ubingwa wa ligi ya taifa katika msimu wake wa kwanza kabisa.

Wakenya wengi humkumbuka Mboya kama waziri, mtetezi wa wafanyakazi na mtu aliyewapeleka vijana wengi Marekani kusoma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kiongozi huyo anatajwa pia miongoni mwa waasisi wa klabu hiyo, na kwamba kuzaliwa kwake kulizitaka timu mbili kuamua jambo gumu: kubaki na majina yao madogo na fahari ya mtaani, au kuyaacha ili kupigania taji la nchi nzima.

Mtoto wa shamba la mkonge

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, Leonard Ndiege, aliajiriwa katika shamba la mkonge la mlowezi. Wazazi wake walitoka kisiwani Rusinga, katika Ziwa Victoria, lakini mtoto alikulia miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali. Mapema maishani alijifunza kusema Kikamba na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha nyumbani.

Alisomea katika shule ya misheni ya Kabaa huko Ukambani, kisha St Mary's Yala, na hatimaye Holy Ghost College, Mang'u. Karo ilipokuwa mzigo usiobebeka kwa mzee wake, aliacha ndoto ya masomo ya juu na kujiunga na chuo cha Jeanes, Kabete, kusomea kazi ya ukaguzi wa afya.

Mnamo 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko ndiko alikoonja uchungu wa ubaguzi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo. Kisa kimoja kilimwandama maishani: siku moja akiwa peke yake katika maabara, aliingia mwanamke Mzungu aliyeleta maziwa yapimwe, akatazama huku na huko, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu. Kijana huyo hakunyamaza. Alimjibu kwamba macho yake huenda yalikuwa na kasoro.

Kutokana na machungu hayo aliwakusanya wenzake na kuunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Kufikia mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23 pekee, alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Sauti ya Eastlands

Nairobi ya wakati huo iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu waliishi upande wa magharibi kwenye miinuko na miti, nao Waafrika wakasukumwa mashariki mwa reli. Huko ndiko ilikoibuka mitaa ambayo leo imo katika eneo la Makadara: Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, Makongeni wa wafanyakazi wa reli, Mbotela, na baadaye Maringo, Hamza na Jericho.

Nyumba zilikuwa ndogo na familia zilikuwa kubwa. Mambo mawili ndiyo yaliyowatoa watu nje siku za mapumziko: mikutano ya siasa na kandanda. Ukumbi wa Kaloleni ulipata sifa ya kuwa bunge la Waafrika kabla ya Waafrika kuwa na bunge lao. Hatua chache kutoka hapo, kando ya barabara ambayo siku hizo iliitwa Donholm na leo inaitwa Jogoo, umati ulifurika katika uwanja ambao baadaye ulijulikana kama City Stadium.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, vyama vya siasa vya Waafrika vilizimwa na viongozi wao kutiwa vizuizini. Mwaka wa 1954 operesheni ya Anvil ilizoa maelfu ya wakazi wa Eastlands. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki kama mdomo pekee wa Mwafrika jijini, na Mboya ndiye aliyekuwa ulimi. Mnamo 1955 aliwapatanisha makuli wa bandari ya Mombasa na waajiri wao baada ya mgomo mkali, na makuli wakapata nyongeza kubwa ya mishahara. Kisha akaenda kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza.

Aliporejea, Waafrika walikuwa wameruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao. Machi 1957 Mboya alimbwaga wakili Argwings-Kodhek na kutwaa kiti cha Nairobi. Mwaka uo huo aliunda chama cha People's Convention, kilichojengwa nyumba kwa nyumba katika mitaa ya mashariki.

Ushindi wake mkubwa zaidi ulikuja Februari 1961. Katika eneo la Nairobi Mashariki, ambako wapigakura wengi hawakuwa wa kabila lake, alishindana na Dkt Munyua Waiyaki. Wengi walitabiri kwamba damu ingekuwa nzito kuliko sera. Haikuwa hivyo. Wakazi wa Eastlands walimpa Mboya kura nyingi mno, na mpinzani wake akaachwa mbali sana.

Kura hiyo ni muhimu katika kisa hiki. Mtu aliyepata nguvu zake kwa kuvuka mipaka ya kikabila ndiye aliyekuja kutia mkono katika klabu iliyosimama juu ya kabila moja.

Kandanda ya makabila

Kabla ya uhuru, soka ya Kenya ilikuwa ya vikombe. Tangu 1926 Kenya na Uganda zilipigania kombe la Gossage, nayo mikoa ikamenyana kuwania kombe la Remington. Kwa timu za mitaani, kombe lilikuwa tamu kwa sababu lilikuwa la haraka. Wikendi chache tu zilitosha kumfanya kijana wa Makongeni kuwa shujaa, na timu ndogo iliweza kumwangusha mkubwa siku ambayo mpira uliamua kumkataa.

Ligi ya taifa ilipoanzishwa 1963, hesabu zilibadilika. Ligi haikutaka siku moja ya bahati. Ilitaka kikosi kipana, nauli ya kwenda Mombasa, Nakuru na Kisumu, na viongozi wasiochoka msimu ukiwa katikati. Timu iliyokuwa na wachezaji kumi na mmoja hodari na benchi tupu ingeweza kushinda kombe, ligi ingeiumbua.

Wahamiaji wa jijini walikuwa wamejipanga kwa vyama vya ustawi vya makabila yao. Vyama hivyo vilimzika aliyefariki, vilimtafutia kazi mgeni na vilikuwa na timu za kandanda. Luo Union ilikuwa mojawapo, na ilitwaa ubingwa wa ligi 1964, baada ya Nakuru All-Stars kushinda ule wa kwanza. Mwaka wa 1965 taji lilikwenda Mombasa kwa Feisal.

Wakati huo Waluhya walikuwa wamekwisha kufanya uamuzi wao. Mnamo 1964 waliunganisha nguvu za timu zao na kuunda Abaluhya. Matunda yalionekana upesi: Abaluhya ilikuwa bingwa 1966, ikawa bingwa tena 1967.

Kwa upande wa Wajaluo hali ilikuwa kinyume. Palikuwa na Luo Union, na palikuwa na Luo Stars. Wachezaji waligawanyika, mashabiki waligawanyika, na hata senti za kiingilio ziligawanyika. Kila timu ilikuwa na viongozi wake, historia yake na kiburi chake. Kuungana kulimaanisha kwamba wenye vyeo wangevipoteza, na baadhi ya wachezaji waliozoea kuanza mechi wangekalia benchi. Kutoungana kulimaanisha kuwatazama Abaluhya wakibeba taji mwaka baada ya mwaka.

Nyumba iliyopasuka

Ugumu haukuwa wa soka pekee. Machi 1966, katika mkutano wa chama cha KANU huko Limuru, Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga alipokonywa nguvu zake chamani, naye akajiondoa na kuongoza chama kipya cha KPU. Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa KANU, alikuwa miongoni mwa waliosuka mipango ya mkutano huo. Tangu hapo Wajaluo walijikuta na vigogo wawili wasiosikizana.

Odinga alikuwa amewahi kuwa Ker, yaani kiongozi mkuu, wa chama cha ustawi cha Luo Union. Kwa hivyo waziri wa KANU kuzungumzia hatima ya timu yenye jina hilo halikuwa jambo jepesi.

Hata hivyo, mazungumzo yalifanyika na Mboya akawa miongoni mwa waliyoyasukuma. Alikuwa na kipaji alichokinoa katika vyama vya wafanyakazi: kuwaketisha pamoja watu wenye maslahi yanayogongana hadi wapatikane wanachokubaliana. Februari 17, 1968, Luo Union na Luo Stars ziliungana.

Jina lililochaguliwa halikuwa la upande wowote. Gor Mahia alikuwa mtawala na mganga mashuhuri wa Kanyamwa, aliyesifika kwa miujiza na mazingaombwe. Kwa kuwa alikuwa mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, mashabiki waliipa timu jina la utani ambalo halijafutika: K'Ogalo.

Wale waliohofia kupoteza majina yao walipata jibu kabla ya mwaka kwisha. Gor Mahia ilitwaa ligi ya 1968 katika jaribio lake la kwanza na kuukatiza utawala wa Abaluhya. Katika miaka yake ya mwanzo iliwatoa wachezaji kama kipa James Siang'a na kiungo Allan Thigo, ambao majina yao yangali yanatajwa na wazee wa Eastlands. Mchuano wa timu hizo mbili ukawa mkubwa kuliko mwingine wowote nchini.

Risasi na machozi

Mboya hakujaliwa kuona zaidi. Alasiri ya Jumamosi, Julai 5, 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, alipigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alimwacha mjane, Pamela, bintiye mwanasiasa Walter Odede, ambaye alimwoa Januari 1962, pamoja na watoto wadogo. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji hayo, lakini swali la nani aliyemtuma halijapata jibu hadi leo.

Ibada ya wafu katika kanisa la Holy Family iligubikwa na ghasia, na msafara wa jeneza kuelekea Rusinga ulipokelewa kwa vilio kila ulikopita. Kifo hicho kiliwarudisha pamoja wafuasi wa Mboya na wa Odinga katika msiba mmoja. Oktoba mwaka huo damu ilimwagika Kisumu wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta, na KPU ikapigwa marufuku.

Kazi alizoziacha zilikuwa nyingi. Mnamo 1959 alikuwa ameandaa safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani, na mwaka uliofuata, kwa msaada wa wakfu wa familia ya Kennedy, mamia wengine wakafuata. Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alisimamia waraka wa serikali nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika.

Nayo klabu iliendelea. Muungano wenyewe haukudumu kikamilifu, kwani Luo Union ilifufuka, ikashinda ligi ya 1975 na kombe la klabu bingwa la Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977. Serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe 1980, Luo Union iligeuka Re-Union, nayo Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia ilisalia na jina lake kwa kuwa lilikuwa la mtu. Mwaka wa 1987 iliibwaga Esperance ya Tunisia kwa mabao ya ugenini na kutwaa kombe la Washindi barani Afrika, ufanisi ambao hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kuufikia.

Swali la 1968 bado huzikabili timu ndogo za Makadara na kwingineko, ambazo hufanya mazoezi kwenye viwanja vya vumbi huku zikihesabu nauli: zitumie nguvu katika kombe lenye sifa za haraka, au zijihifadhi kwa ajili ya kupanda daraja? Mathare United ilionyesha 1998 kwamba timu changa inaweza kuthubutu, iliponyakua kombe la Moi Golden ikiwa bado haijafika ligi kuu. Timu nyingi, hata hivyo, hazina wachezaji wa kutosha kwa vita viwili.

Sanamu ya Mboya ilizinduliwa Oktoba 2011 karibu na mahali alipouawa, katika barabara ambayo sasa inaitwa Moi Avenue. Mashabiki wa K'Ogalo waliovalia kijani hupita hapo siku za mechi, wakiimba. Wengi wao walizaliwa miaka mingi baada ya kifo chake.