Mtemi Mnywa Sere, Aliyefukuzwa Unyanyembe

Hapo zamani mji wa Tabora uliitwa Kaze, nao ulikuwa katika nchi ya Unyanyembe. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapo, ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi walichukua nguo na shanga kwenda bara, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Wafanya biashara Waarabu walikaa Kaze kwa amani na mtemi Fundikira, wala hakuwatoza ushuru.

Fundikira alipokufa, yapata mwaka 1858, akatawazwa Msabila, ambaye watu walimwita Mnywa Sere. Huyu aliona mali nyingi ikipita katika nchi yake, akaamuru kila bidhaa iingiayo ilipiwe ushuru. Waarabu wakakasirika sana. Basi wakamshika mkono Mkasiwa, mtu wa ukoo uleule, aliyeutamani utemi. Mwaka 1860 vita vikatokea, bunduki za Waarabu zikashinda, na Mkasiwa akaketi katika kiti.

Tangu siku ile Mnywa Sere akawa mtu asiye na kwao. Alizunguka porini na wafuasi wake, huku akifuatwa na adui zake. Maula, mkuu wa Rubuga, alimkaribisha kwake; kwa ajili ya wema huo Waarabu wakamwua. Mwanzo wa mwaka 1861 Mnywa Sere alikutana na Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Naili, akamwomba ampatanishe na Waarabu. Speke akajaribu, lakini mapatano hayakupatikana.

Hivyo vita vikaendelea. Njia ya pwani ikafungwa, wapagazi wakakosekana, na njaa ikaingia Unyanyembe. Walioteseka zaidi ni wakulima, ambao hawakugombea utemi wala pembe.

Miaka mitano Mnywa Sere alipigania kurudi, asikate tamaa. Mwisho, mwaka 1865, alikamatwa akakatwa kichwa. Alirudi mikononi mwa adui zake, si katika kiti chake.

Waarabu walikuwa wachache katika nchi ile. Hawangaliweza kumfukuza mtemi kama ndugu zake wangalisimama pamoja naye. Nyumba ikigawanyika, mgeni ndiye achaguaye nani akae ndani na nani alale nje.