Lulu Hunt Peters: daktari aliyewafundisha wanawake kuhesabu kalori

Ukifungua programu ya simu ya kupunguza uzito, kwanza inakuuliza umri, urefu na uzito wako. Kisha inakupa namba ya kalori ambazo hutakiwi kuzizidisha kwa siku. Wapo akina mama wanaokuja kliniki na simu mkononi kutuonyesha namba hiyo. Wengine wamepewa 1200. Wanauliza: je, namba hii inanifaa mimi?

Ili kulijibu swali hilo vizuri, ni vyema kumfahamu mwanamke aliyeifanya hesabu hii iwe ya kila nyumba. Aliitwa Lulu Hunt Peters, daktari wa Marekani aliyeishi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alifanya mema mengi, na pia aliacha mambo ambayo sisi walezi wa leo tunapaswa kuyaangalia kwa makini.

Daktari mwenye uzito mkubwa

Lulu alizaliwa mwaka 1873 huko Milford, katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baadaye alihamia California, upande wa pili wa nchi, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha California. Alihitimu mwaka 1909, wakati ambapo madaktari wanawake walikuwa wachache sana.

Kwa muda mrefu wa maisha yake alisumbuliwa na uzito. Kuna wakati alifika paundi 220, yaani karibu kilo 100. Kwa kuhesabu chakula chake alipunguza paundi 70, karibu kilo 32. Hakulificha jambo hilo. Alilieleza waziwazi kwa wasomaji wake, kwa utani mwingi, akijicheka mwenyewe kabla ya mtu mwingine kumcheka. Wanawake walimwamini kwa sababu alikuwa anazungumzia mwili wake mwenyewe.

Mjini Los Angeles aliongoza kamati ya afya ya umma katika shirikisho la vikundi vya wanawake. Aliwazoea akina mama wa kawaida, akajua maswali yao na lugha wanayoielewa.

Kalori ilitoka wapi

Lulu hakugundua kalori. Kalori ni kipimo cha nishati, yaani nguvu ambayo mwili unaipata kwenye chakula na kuitumia kupumua, kutembea, kulima, kubeba mtoto na hata kulala. Kabla yake, mwanasayansi wa Marekani aitwaye Wilbur Atwater, aliyeishi kati ya 1844 na 1907, alijenga chumba maalumu huko Middletown, jimbo la Connecticut. Mtu aliingia humo, akala, akalala na kufanya mazoezi, huku joto la mwili wake na hewa anayoivuta vikipimwa. Kazi hiyo ndiyo iliyotupa hesabu inayotumika hadi leo: gramu 1 ya wanga ina kalori 4, gramu 1 ya protini ina kalori 4, na gramu 1 ya mafuta ina kalori 9.

Wakati huo hesabu hizo zilikuwa za wanasayansi. Zilitumika kupanga chakula cha wafanyakazi na kujua mlo upi ni wa bei nafuu. Mama wa nyumbani hakuwa anazijua. Lulu alizichukua akazipeleka jikoni.

Kitabu cha mwaka 1918

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Serikali iliwaomba wananchi wapunguze kula ngano, nyama na sukari ili chakula kingine kipelekwe Ulaya. Katika hali hiyo Lulu aliandika kitabu kiitwacho Diet and Health, kilichotoka mwaka 1918. Alikitoa kwa heshima ya Herbert Hoover, aliyesimamia masuala ya chakula nchini humo wakati wa vita na baadaye akawa rais.

Kitabu kilikuwa chepesi kusoma. Picha zake zilichorwa na mpwa wake aliyekuwa bado mtoto. Lulu alianza kwa kuwafundisha wasomaji jinsi ya kulitamka neno kalori, maana lilikuwa geni. Kisha akawaambia waache kukiona chakula kama kipande cha mkate au kipande cha keki, wakione kama kalori kadhaa za mkate na kalori kadhaa za keki. Aliweka orodha ndefu ya vyakula ikionyesha kiasi cha kila chakula chenye kalori 100, ili iwe rahisi kujumlisha.

Kwa wanaotaka kupungua alipendekeza kalori 1200 kwa siku. Alieleza pia mazoezi, na alifundisha kwamba ukishapungua lazima uendelee kuangalia unachokula, kwa sababu uzito hurudi. Hakuwasahau watu wembamba mno. Aliwaeleza nao namna ya kuongeza uzito.

Baada ya kuandika kitabu, Lulu alikwenda na shirika la Msalaba Mwekundu katika eneo la Balkan, kusini mashariki mwa Ulaya, ambako vita vilikuwa vimeacha njaa na magonjwa. Aliporudi alikuta kitabu chake kimekuwa maarufu. Mwaka 1924 na 1925 kiliongoza orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani, ukiacha riwaya. Kwa jumla ziliuzwa nakala zipatazo milioni 2. Aliandika pia safu ya magazetini iliyosomwa nchi nzima, na mwaka 1924 alitoa kitabu kingine kuhusu mlo wa watoto. Alifariki mwaka 1930 kwa nimonia, akiwa hajafikisha miaka 60.

Alichokipatia

Kwanza, aliwapa wanawake maarifa yaliyokuwa yamefungiwa maabara. Mtu akijua kilichomo kwenye chakula, anaweza kuchagua mwenyewe.

Pili, alionyesha kwamba kuandika unachokula kunafungua macho. Jambo hili bado ni kweli. Chukua mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha chakula kina kalori karibu 120. Mama anayemimina kwa kukadiria anaweza kuweka vijiko 3 zaidi bila kujua. Au chukua chai. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori karibu 16. Vikombe 3 kwa siku, kila kimoja vijiko 3, ni kalori 144, na mtu anaweza kuapa kwamba leo hakula kitu chochote kitamu. Daftari au simu hukuonyesha yale ambayo mazoea yameyaficha.

Tatu, alisema ukweli kwamba kupunguza uzito si kazi ya wiki mbili.

Alichotuachia tukiangalie upya

Lulu alitumia kanuni moja ya uzito kwa watu wote. Ukiigeuza kwa vipimo vyetu, mtu mwenye urefu wa sentimita 152 alitakiwa awe na kilo 50, na kila sentimita moja ya ziada iliongeza karibu kilo moja. Kanuni hiyo haikuuliza kama mtu ana mimba, ananyonyesha, anafanya kazi nzito au ana maumbile ya mifupa mikubwa. Namba ya 1200 nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa moja, na wanawake walikuwa wengi na tofauti.

Kisha kuna suala la aibu. Wakati wa vita Lulu aliwafanya wanawake waone kwamba kuwa mnene ni kama kuficha chakula huku wengine wana njaa. Aliendesha madarasa ambapo wanawake walikutana kupimwa uzito, na asiyepungua alitozwa faini iliyopelekwa Msalaba Mwekundu. Nia yake ilikuwa njema, lakini fikiria mama aliyetoka hapo ameshindwa kupungua kwa sababu ya ugonjwa au uchovu wa kulea. Alirudi nyumbani na uzito ule ule, na juu yake hatia.

Hatia hiyo ipo hadi leo ndani ya simu zetu. Namba ikigeuka nyekundu, mama anajiona mkosaji. Anaruka mlo wa usiku ili alipie chapati ya asubuhi. Binti yake anamwona akifanya hivyo, naye anajifunza kwamba chakula ni kosa. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuumiza nyumba nzima.

Mwisho, kalori hupima nguvu tu. Haionyeshi madini chuma, foliki asidi, vitamini wala nyuzinyuzi. Bakuli la mchicha lina kalori chache sana, na soda ina kalori nyingi, lakini mwenye upungufu wa damu anahitaji mchicha, maharage, dagaa na nyama. Ukiangalia namba peke yake, unaweza kufikia lengo la siku kwa chai ya sukari na maandazi, na mwili ukabaki na njaa ya virutubisho.

Jinsi ya kuitumia programu bila kujiumiza

Kama wewe ni mtu mzima, huna mimba, hunyonyeshi, na umeshauriwa kupunguza uzito, programu inaweza kukusaidia. Fuata haya:

• Wiki ya kwanza andika tu. Usipunguze chochote. Lengo ni kujua unakula nini na wakati gani.
• Chagua badiliko moja au mawili. Mara nyingi mafuta ya kupikia na sukari kwenye chai ndipo pa kuanzia.
• Pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina.
• Jua kwamba namba ni makadirio. Programu nyingi zimetengenezwa kwa vyakula vya nje. Ugali wako, makande yako na wali wako wa nazi havifanani na vya mpishi mwingine. Tanzania ina jedwali lake la virutubisho vya vyakula lililotolewa mwaka 2008, na Kenya ina la mwaka 2018. Mtaalamu wa lishe anaweza kukusaidia kuyatumia.
• Kama mnakula sinia moja, usihangaike kuhesabu kila tonge. Pakua sehemu yako kwenye sahani yako, nusu ikiwa mboga.
• Usile zaidi kwa sababu simu imekuambia umechoma kalori nyingi kwa kutembea. Hesabu ya mazoezi hukosea kwa urahisi. Tembea, lima, cheza na watoto kwa faida ya moyo, sukari ya damu na usingizi wako, hata kama mizani haijasogea.
• Pima uzito mara moja kwa wiki. Uzito hupanda na kushuka kila siku kwa sababu ya maji, chumvi na hedhi.

Nani asihesabu kalori ili apungue

• Mama mjamzito. Huu si wakati wa kupunguza uzito. Mueleze muuguzi wako kliniki kama una wasiwasi.
• Mama anayenyonyesha. Mwili unahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku kutengeneza maziwa. Mpango wa 1200 utakuacha dhaifu, na maziwa yanaweza kupungua.
• Mtoto na kijana anayekua. Usimwekee mtoto programu ya kupunguza uzito. Kama ana uzito mkubwa, mpeleke apimwe, na familia nzima ibadilishe mlo pamoja bila kumnyooshea kidole.
• Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini. Ukipunguza chakula ghafla, sukari inaweza kushuka hadi hatari. Ongea kwanza na daktari.
• Aliyewahi kujinyima chakula kupita kiasi, au kula na kujitapisha.

Acha kuhesabu na uende kituo cha afya ukiona kizunguzungu, hedhi imekatika, nywele zinanyonyoka sana, huwezi kula bila hofu, au uzito unashuka bila wewe kukusudia.

Turudi kwenye swali

Je, namba ya simu inakufaa wewe? Simu haijui. Haijui kama umejifungua miezi 3 iliyopita, kama unaamka usiku kunyonyesha, kama unabeba maji ndoo tano kila asubuhi. Lulu Hunt Peters aliwapa wanawake wa wakati wake kipimo ambacho hawakuwa nacho, na hilo ni jambo la kumshukuru. Lakini namba yake moja haikutosha wote wakati ule, na haitutoshi sasa.

Njoo na simu yako kliniki. Tuonyeshe ulichoandika. Tutakupima uzito, urefu, shinikizo la damu na sukari, tutakuuliza kuhusu watoto na kazi zako, kisha tutapanga pamoja mlo unaoweza kuuendesha kwa chakula kilichopo nyumbani kwako. Kama kituo ni mbali, anza kwa kuzungumza na mhudumu wa afya wa mtaa au kijiji chako.