Ni Nani Aliyelipa Gharama? Maisha ya Daktari Robert Koch

Somo la wiki: 2 Samweli 24:10-25

Katika somo letu tauni inamaliza watu, na Mfalme Daudi anakwenda kwa Arauna kujenga madhabahu. Arauna yuko tayari kumpa kila kitu bure: uwanja, ng'ombe, hata kuni. Daudi anakataa. Hataki kumtolea Mungu sadaka ambayo haikumgharimu yeye chochote. Wiki hii tumtazame mtu mwingine aliyepigana na magonjwa, tuone ni nani aliyelipa.

Robert Koch alizaliwa Ujerumani tarehe 11 Desemba 1843, katika mji wa Clausthal. Baba yake alifanya kazi kwenye migodi, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Akasomea udaktari, akatumwa kutibu watu katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na hadubini aliyonunuliwa na mke wake, na kazi aliifanyia hapo hapo nyumbani baada ya kuona wagonjwa. Kwa vifaa hivyo, mwaka 1876 alionyesha mdudu anayeleta kimeta, ule ugonjwa unaoua ng'ombe na watu.

Tarehe 24 Machi 1882, akiwa Berlin, alitangaza kwamba amemwona mdudu wa TB. Wakati huo wengi waliamini TB ni ya kurithiwa, ni ya ukoo fulani. Koch akaonyesha ni kiini kinachoambukizwa. Ndiyo maana mpaka leo Siku ya TB Duniani ni Machi 24. Ukipeleka makohozi kliniki hapa Kayole au Dandora wakapime, mdudu wanayemtafuta ni yule aliyemwona Koch. Tumshukuru Mungu kwa hiyo akili.

Lakini ngoja. Sifa zikija, haraka nayo huja. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata kitu cha kuzuia TB, kinaitwa tuberkulini. Hakusema kimetengenezwa na nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila pembe. Kwa haki tuseme: alikuwa amejidunga mwenyewe kwanza, akapata homa kali. Hata hivyo dawa haikuponya. Wengine walizidiwa, wengine wakafa, na mwaka uliofuata ikabidi aeleze ni kitu gani. Baadaye tuberkulini ilifaa kwa kupima TB kwenye ngozi, lakini kama tiba ilishindwa.

Miaka kumi na tano baadaye, mwaka 1905, akapewa Tuzo ya Nobel. Na mwaka 1906 akaja kwetu, Afrika Mashariki.

Wakati huo malale ilikuwa inafagia watu kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, na huku Nyanza pia. Inakadiriwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka ile. Mbung'o anauma, mtu anapata homa, anakonda, anasinzia, mwisho anakufa. Dawa hakuna. Koch alipitia Amani, kule Usambara, kisha akaweka kambi kwenye kisiwa cha Bugala katika visiwa vya Ssese. Wagonjwa wakaja kwa mamia. Wengi walikuja kwa miguu yao wenyewe, wengine wakibebwa na ndugu zao. Si ungeenda pia, kama mtoto wako anakufa?

Dawa aliyowapa iliitwa atoksili. Jina lenyewe maana yake ni kitu kisicho na sumu, na ndani yake mlikuwa na arseniki. Alianza na sindano za nusu gramu. Vimelea vikapotea kwenye damu kwa siku kadhaa, halafu vikarudi. Basi akapandisha kipimo hadi gramu moja. Wagonjwa wakaanza kutapika, kupata kizunguzungu, kuumwa na tumbo. Kisha macho yakaanza kuzima. Watu zaidi ya ishirini walipofuka, na macho yao hayakurudi tena. Wengine wakaona bora watoroke.

Koch alipoona hivyo alirudi kwenye kipimo kidogo. Lakini hakuacha kuisifu atoksili, na akashauri wagonjwa watengwe kwenye kambi. Wajerumani wakafungua kambi upande wao wa ziwa, mojawapo Shirati, karibu na mpaka wetu wa leo. Yeye akarudi Ujerumani mwaka 1907 akapokelewa kwa heshima kubwa. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Jina lake linajulikana dunia nzima. Wale waliopofuka Ssese, ni nani kwetu anayelijua jina hata la mmoja?

Mtu atasema: siku hizo hakuna aliyejua mambo ya kuomba ruhusa. Sivyo. Kule kwao Prussia, tangu mwaka 1900, waziri alikuwa ameagiza kwamba mtu asifanyiwe majaribio yasiyo ya tiba kabla hajaelezwa madhara na kukubali mwenyewe. Kwa hiyo wazo lilikuwepo. Ila kwa mtu wa mbali, mnyonge, asiye na wa kumtetea, ni rahisi kusema tujaribu tuone.

Wapendwa, Koch hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuponya. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu nia nzuri inaweza kutufanya tusiulize gharama inalipwa na nani. Daudi alipoona watu wanakufa alimwambia Bwana mkono wake umpige yeye, si wale kondoo. Elimu bila upendo huo inakuwa mzigo kwa maskini.

Na si mambo ya zamani tu. Mwaka 2023 hapa Nairobi watu walipanga foleni ndefu KICC, mashine ya Worldcoin ikachukua picha za mboni za macho yao, wakapata sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mtu mwenye njaa hakatai 7,000. Ndiyo maana anayekuja na pesa au dawa mkononi ana jukumu kubwa zaidi la kueleza ukweli wote.

Kwa hiyo tufanye haya. Mtafiti akija mtaani, muulize ana leseni ya NACOSTI na kibali cha kamati ya maadili, kuna madhara gani, na unaweza kujitoa lini. Una haki ya kukataa. Lakini mtu asitumie habari hii kutoroka kliniki! Dawa za TB za leo zimethibitishwa, ni bure katika hospitali za serikali, na kwa kawaida ni miezi sita. Omba, na umeze dawa mpaka mwisho.

Na ninyi vijana wetu mnaosomea uuguzi, maabara na kompyuta: kabla ya kumjaribia mama wa Kariobangi kitu chochote, jiulize kama ungemjaribia mama yako, na kama umemweleza kwa lugha anayoielewa.

Maombi ya wiki: Tuwaombee watafiti na madaktari wetu wapewe hekima na moyo wa huruma. Tuwaombee wanaougua TB katika mitaa yetu wamalize dozi na wapone. Na Bwana atupe moyo wa Daudi, tusimtolee sadaka iliyolipwa na mwingine. Amina.