Immanuel Kant

Immanuel Kant (Königsberg, Prussia, 22 Aprili 1724 – Königsberg, 12 Februari 1804) alikuwa mwanafalsafa Mjerumani, mmojawapo kati ya wale walioathiri zaidi falsafa ya Ulaya. Mji wake leo unaitwa Kaliningrad na uko nchini Urusi.

Maisha

Baba yake alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza hatamu za farasi. Mama yake alifariki mwaka 1737. Kant alijiunga na chuo kikuu cha Königsberg mwaka 1740, kisha akafundisha watoto katika nyumba za matajiri. Kuanzia mwaka 1755 alifundisha chuoni akilipwa na wanafunzi wenyewe, na mwaka 1770 akawa profesa wa mantiki na metafizikia. Hakuoa.

Kitabu kilichoeleweka vibaya

Baada ya miaka kumi hivi ya kuchapisha machache tu, mwaka 1781 alitoa "Uhakiki wa Akili Safi", kitabu cha zaidi ya kurasa 800. Wasomaji wengi walikiona kigumu mno. Januari 1782 gazeti la wataalamu la Göttingen lilichapisha tahakiki isiyo na jina la mwandishi. Ilifananisha mafundisho yake na yale ya George Berkeley, aliyekana kuwepo kwa maada nje ya akili. Kant aliona kazi yake ya miaka mingi imo hatarini kutupwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Prolegomena

Mwaka 1783 alijibu kwa kitabu kifupi, "Prolegomena". Humo alieleza jinsi kazi yake kubwa inavyopaswa kusomwa. Aligeuza mwendo wa hoja: kitabu cha kwanza kilianza na vipawa vya akili na kujenga hatua kwa hatua; hiki kilianza na elimu zinazokubalika, yaani hisabati na sayansi ya maumbile, kikauliza zinawezekanaje. Aligawa swali lake kuu katika maswali manne, ili msomaji ajue kila sehemu inajibu nini. Alitaja pia deni lake kwa David Hume.

Katika nyongeza alimjibu mhakiki na kumtaka ajitaje. Alifafanua kwamba hakukana kuwepo kwa vitu, bali alisema tunavijua jinsi vinavyotutokea tu. Kwa kuwa jina alilotumia awali lilipotosha watu, alipendekeza jina lingine. Mwaka huohuo Christian Garve alimwandikia Kant na kukiri kwamba tahakiki ilitokana na maandishi yake, ila mhariri aliyafupisha na kuyabadilisha.

Toleo la pili

Mwaka 1787 Kant alitoa toleo la pili la "Uhakiki". Aliandika dibaji mpya iliyolinganisha mageuzi yake na yale ya Copernicus, akaandika upya baadhi ya sura na kuongeza sehemu ya kupinga udhanifu. Hata hivyo, wataalamu bado wanabishana kuhusu maana ya mafundisho hayo. Wanafunzi wengi huanza na "Prolegomena" kabla ya kukabili kitabu kikubwa.